Mwezi huu sijala, dokta

Ndani ya miezi mitano kijana yule aliingia chumbani kwangu mara nne, na mara zote nne nikamtibu kitu ambacho sicho.

Mara ya kwanza ni tumbo. Linawaka, hasa usiku. Nikamwandikia omeprazoli na kumwambia apunguze pilipili. Mara ya pili tumbo tena. Nikamtuma maabara, kipimo cha choo kikaonyesha wale vijidudu wa vidonda vya tumbo ambao wengi wetu tunao bila kujua, nikampa dozi ya siku 14 na nikajiona nimemaliza kazi. Mara ya tatu tumbo lilikuwa limetulia kidogo, sasa ni kichwa na kukosa usingizi. Mara ya nne moyo: unamwenda mbio akiwa amekaa tu. Presha yake haikuwa na neno, damu haikuwa na neno, sukari ilikuwa sawa, na kipimo cha moyo alichofanyiwa hospitali ya wilaya kilirudi hakina kasoro. Miaka 28, dereva wa bodaboda, hanywi pombe, havuti sigara. Ukifungua kitabu cha MTUHA, rejesta yetu ya wagonjwa, cha miezi ile utamkuta kwenye mistari minne yenye magonjwa manne tofauti, yote kwa mwandiko wangu.

Niseme mapema kwamba nimebadilisha mengi humu ili asitambulike, na kwamba nilimsomea rasimu. Aliondoa sentensi mbili, akaniamuru niongeze moja. Mtaikuta mbele.

Aliyenifungua macho si yeye. Ni mama mmoja muuza chakula, miaka hamsini kasoro, mgonjwa wangu wa presha wa siku nyingi na mmoja wa wale ambao daktari huwatolea mfano: haruki kliniki, na kadi yake haina hata kona iliyokunjika. Asubuhi hiyo mashine ilisoma 184 kwa 112. Nikapima mkono wa pili. Vilevile.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

Akautazama mlango. "Leo kimoja, kesho napumzika, keshokutwa napumzika. Ili zifike mbali."

Hela ya dawa ilikuwa imekwenda. Hela ya kikoba nayo, pamoja na ile aliyokuwa akiidunduliza ya bati. Alikuwa amemlipia deni mdogo wake, na si mara moja, ni mara tatu. Safari ya mwisho ilikuwa kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, waliokuja mpaka kibandani kwake wakasimama mbele ya wateja wakati wa chakula cha mchana. "Na wewe unamfahamu, mwanangu. Si yule wa bodaboda unayempa dawa za tumbo?"

Nikauliza kama mtu asiyemjua yeyote: "Kwani anaumwa nini?"

"Anaumwa mikeka." Mikeka ya kubeti, yaani.

Nilimpa mama dawa ya mwezi, nikamtafutia nafuu ya bei, nikamwomba arudi baada ya wiki mbili. Kisha nikabaki na jambo lisilo na mlango. Sikuweza kumwambia kwamba ndugu yake ni mgonjwa wangu, ingawa alijua. Sikuweza kumwambia ndugu yake kwamba nimesikia. Siri ya mgonjwa haivunjwi hata kwa nia njema, na kijana akihisi dada kamchongea kwa daktari, simwoni tena. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu: kumuuliza mwenyewe, kama ninavyowauliza wagonjwa wote kuhusu pombe. Yaani kufanya kile nilichopaswa kufanya siku ya kwanza kabla ya kumgombeza kwa pilipili.

Kwa nini sikuuliza? Chuoni kamari ilipita kwenye somo la magonjwa ya akili kama daladala iliyojaa, haikusimama kituoni. Nilikumbuka tu kwamba iko kitabuni. Nilipokwenda kuitafuta upya nikakuta imehama chumba. Mwaka 1980 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani walipoiingiza kwa mara ya kwanza katika kitabu chao cha uainishaji, waliiweka pamoja na magonjwa ya kushindwa kuzuia msukumo, jirani na yule anayeiba bila shida ya kuiba na yule anayechoma moto vitu. Mwaka 2013, katika toleo la tano, wakaitoa huko na kuikalisha na pombe na heroini. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linaihesabu kuwa uraibu, na linatenganisha anayechezea mtandaoni na asiyechezea mtandaoni.

Kuhama huko kuna maana kwa daktari wa kawaida kama mimi. Maana yake mambo ninayomuuliza mlevi ndiyo nitakayomuuliza huyu: je, kiasi kinachomtosha kinapanda, anapata shida akijaribu kuacha, ameshindwa kuacha mara ngapi.

Ila mlevi ananuka. Mtumia heroini naye anaonekana. Tangu Muhimbili ianze kutoa methadoni mwaka 2011, sisi madaktari wa Dar es Salaam tumezoea kuwasoma, mboni zilivyosinyaa, mikono ilivyo. Anayebeti hana harufu wala alama. Hakuna damu ya kupima wala mkojo wa kuchovya kijiti. Anachokuletea ni vipande: usingizi umepotea kwa sababu saa nane za usiku ndipo mechi za huko mbali zinapochezwa, na zikiisha zipo zile za kompyuta zisizoisha. Tumbo linawaka. Moyo unadunda kila simu ikitetemeka. Anaomba cheti cha kupumzika kwa ugonjwa usioeleweka, au anaomba dawa ya bei nafuu zaidi ingawa juzi tu alilipa ile ya kwanza bila kuuliza. Mwingine amerudi kwenye pombe aliyokuwa ameiacha. Na kuna vipande vinavyokuja na mtu mwingine kabisa: mke mwenye michubuko, mtoto ambaye uzito wake umeshuka chini ya mstari kwenye kadi ya kliniki, dada anayegawa kidonge kimoja kwa siku tatu.

Basi akaja mara ya tano. Kichwa tena. Nikamsikiliza, nikampima, kisha nikauliza kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida:

"Unacheza kamari?"

"Hapana dokta!" Aliruka kama nimemwita mwizi. "Mimi swala tano."

Nikaandika dawa ya kichwa. Akaondoka.

Usiku ule nilifikiri kwamba amenidanganya. Sasa siamini hivyo. Naamini nilimuuliza swali jingine naye akalijibu kwa ukweli. Kamari, kwa kijana wa Kiswahili aliyepita madrasa, ni neno lenye ukumbi wake. Liko katika tafsiri ya aya ya 90 ya Suratul Maida, limekaa bega kwa bega na pombe. Liko chini ya mwembe, karata tatu, hela zimetandazwa chini na mmoja kasimama barabarani kuangalia kama askari anakuja. Hayo yeye hayafanyi. "Michezo ya kubahatisha" nalo ni neno la Bodi inayoisimamia na la Sheria yake ya mwaka 2003, hukaa chini ya mabango karibu na onyo la miaka 18, na sijawahi kumsikia mtu akisema "jana nilibahatisha". Kubeti ni kitu cha tatu. Kubeti ni mpira. Mwaka 2017 Simba na Yanga, watani wasiokubaliana hata rangi ya jezi, walivaa kifuani jina la kampuni moja ya kubeti, na watoto wakavaa pia. Sasa mimi nimekwenda kugonga mlango wa karata tatu, wakati mtu wangu anaishi nyumba ya tatu.

Rafiki yangu mmoja tabibu, aliyefanya kazi miaka kadhaa kwenye vituo vya mjini Mwanza, alinicheka. "Wewe unauliza kama shehe. Uliza kama kijiweni."

Kijana aliporudi kwa ajili ya kichwa kilekile, sikuanza na yeye. Nilisema ninawauliza vijana wote siku hizi, na ni kweli nilikuwa nimeanza: pombe, sigara, kubeti. "Wewe unabeti?"

"Kubeti?" Akalegea kwenye kiti. "Kidogo. Kwani nani habeti?"

Nikahisi tumeingia. Lakini sikutaka kurukia, nikarudi kwanza kwenye maswali ya tumbo. Nikauliza kama siku hizi anakula vizuri.

Akacheka kicheko kibaya. "Mwezi huu sijala, dokta. Hata mara moja. Naliwa tu."

Kwa msomaji asiyekaa vijiweni: anayeshinda amekula, anayepoteza ameliwa. Sijui kama kuna lugha nyingine ambayo swali la hamu ya chakula linafungua faili la kamari, ila siku ile Kiswahili kilinifanyia kazi ambayo maabara ilishindwa kwa miezi mitano.

Kuna maswali mawili mafupi ambayo madaktari wa nchi nyingi huanza nayo, yalitungwa mwaka 1997. La kwanza: umewahi kuhisi unahitaji kuweka hela nyingi zaidi na zaidi? La pili: umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Ndiyo moja tu inatosha kukufanya uvute kiti uendelee. La kwanza linaingia Kiswahili bila shida: ulianza kwa mia tano, sasa hivi mia tano inakupa raha? Hilo la pili halifai kulibeba lilivyo. Kumuuliza mtu mzima "umewahi kudanganya" ni kumfungulia mashtaka, na mshtakiwa hukana. Mimi husema: "Kiasi halisi unachoweka, nyumbani yupo anayekijua?" Huwa anayeulizwa anatazama chini kabla hajajibu, na nadhani pale chini ndipo jibu lilipo.

Huongeza na la tatu, ambalo limo katika kipimo kingine kifupi cha maswali matatu: umewahi kuhitaji msaada wa hela ya kula au ya kodi kwa sababu ya kubeti? Kijana akakaa kimya muda mrefu. "Dada yangu," akasema. Basi. Akawa amelisema mwenyewe, nami nikapumua.

Kutoka hapo ni mazungumzo, na hayaishi kwa dakika saba za foleni ya Jumatatu. Nilimwomba arudi Alhamisi saa kumi jioni. Kitabu cha Wamarekani kina dalili tisa; nne ndani ya mwaka mmoja zinatosha kuuita ugonjwa, na nane au tisa ni ugonjwa mkali. Sikumsomea orodha. Nilimwomba anisimulie wiki yake na nikawa nahesabu kichwani. Hiyo ya kupandisha kiasi ilikwishatoka. Anakuwa mkali akijaribu kuacha: alimtukana abiria. Amejaribu kuacha mara nyingi, hasa Ramadhani. Analala na mechi kichwani, anaamka nazo. Akiwa na huzuni ndipo anacheza zaidi. Akiliwa anarudi kesho yake "kuirudisha", na hii ya kufukuzia hela iliyokwenda ndiyo naiogopa kuliko zote, kwa sababu mtu anayefukuzia hachezi tena kwa raha, anafanya kazi ya zamu mbili bila mshahara. Amemficha dada. Anakaribia kunyang'anywa pikipiki: ni ya mkataba, hesabu ni elfu kumi kwa siku, na alikuwa nyuma siku 16. Na amekombolewa na mtu mwingine mara tatu.

Tisa kwa tisa.

Nilitumia pia kile kipimo cha Kanada cha mwaka 2001 chenye maswali tisa, alama 0 hadi 27, ambapo kuanzia 8 mtu anahesabiwa kuwa na tatizo kamili. Alipata 19. Simwamini sana mtu anayetafsiri kipimo kwa mdomo huku mgonjwa akingoja, nami ndiye niliyefanya hivyo, kwa hiyo ile 19 niliichukua kama alama ya njiani. Kilichonisaidia zaidi ni simu yake mwenyewe. Nilimwuliza anadhani mwezi uliopita aliweka kiasi gani. "Kama elfu hamsini hivi." Nikampa karatasi na kalamu, nikamwambia afungue ujumbe wa kutuma pesa ajumlishe mwenyewe, mimi sitaangalia. Nilikwenda kunawa mikono, nikarudi, bado anaandika. Ilifika laki nne na elfu kumi na mbili. Mia tano, elfu moja, mia tano, elfu mbili, mia tano. Hakuna hata mara moja alipoweka laki. Alikuwa ameimwaga kwa kijiko.

Hapo ndipo alipotaka niongeze sentensi yake, na ni hii: kuna siku alikula laki tano na nusu kwa mkeka wa elfu moja, watu wasidhani alikuwa mjinga. Ilikuwa mwezi wake wa pili tu wa kubeti. Sidhani alikuwa mjinga. Nadhani siku ile ndiyo iliyomuumiza kuliko siku zote alizoliwa.

Tulizungumza pia juu ya mikeka iliyochanwa na timu moja. Mechi tisa, nane zimetiki, ya tisa inasawazishwa dakika ya 88. Yeye huyaita hayo "nilikuwa nimeshakula". Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge waliwachunguza watu ubongo wakati wanacheza, wakaona kukosa kidogo kunaamsha sehemu zilezile zinazoamshwa na kushinda, na kunaongeza hamu ya kuendelea, ingawa hela imeliwa sawasawa na ya aliyekosa mechi zote tisa. Nilipomweleza alitikisa kichwa. "Kwa hiyo wanajua." Sikujibu. Na mkeka una afadhali, kwa sababu unakusubirisha mpaka Jumapili. Kindege, ule mchezo wa simuni wa ndege inayopaa, hakisubiri: kinapanda, namba inapanda, kinapotea, na ndani ya sekunde chache kingine kiko njiani. Kadiri muda kati ya kuweka na kujua unavyofupika, ndivyo mtu anavyozama haraka. Siku hizi nikishaambiwa "nabeti" huuliza mara moja: mkeka, dubwi la sarafu, au kindege? Jibu linanipa picha ya kina cha maji.

Sasa lile swali ambalo madaktari wengi wa foleni hulikwepa. Mwaka 2018 huko Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliokwishaandikwa hospitalini kuwa na ugonjwa huu, na vifo vya kujiua kati yao vilikuwa mara 15 ya vile vya watu wengine. Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya Mahakama Kuu ililifuta kosa kama hilo Januari 2025. Kwa hiyo huku kwetu watu huja na "nilikosea dawa", nasi tunaandika hivyo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Nilimwambia: "Watu wakibanwa na madeni namna hii, wengine hufika mahali wakaona bora wajiue. Wewe umewahi kufika hapo?"

Alijibu akiitazama helmeti yake mapajani. "Mara mbili."

Kwa hiyo Alhamisi ile haikuisha saa kumi na moja. Nilimuuliza kama bado anawaza hivyo leo, kama ameshapanga namna, nani yuko nyumbani usiku. Nikamuuliza ni mtu gani anaweza kumpigia simu mbele yangu. Alimpigia dada yake. Nilimpigia muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya, mwanamke mmoja mwenye subira kuliko mimi, akamwona asubuhi iliyofuata, na wiki ile nilimpigia kijana simu kila jioni. Kabla ya hapo nilikuwa nimempa kijana huyu amitriptilini, dawa ambayo ukizidisha inaua, ya mwezi mzima, bila kumuuliza swali hilo. Nililala vibaya kwa jambo hilo, na ninaliandika hapa kwa sababu ninajua sipo peke yangu.

Kuna mambo mengine ya kuangalia ambayo sitayakalia. Mtu anayemwaga hela kwa wiki moja, halali, anaongea kama redio na ana mipango ya kununua kiwanja cha ndege, huyo huenda kamari ni tawi tu na mti ni ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Na dawa nazo. Aliwahi kuletwa kwangu mzee mmoja mstaafu, mtu wa msikitini, aliyeanza ghafla kununua tiketi za bahati nasibu kwa hela ya pensheni. Watoto walikuwa wamekwisha kumpeleka kuombewa. Kwenye mfuko wake wa dawa alikuwa na pramipeksoli, aliyoandikiwa India kwa ajili ya ugonjwa wa Parkinson. Dawa za kundi hilo zinajulikana kuamsha kamari kwa baadhi ya watu wasiowahi kucheza maisha yao yote. Aripiprazoli, ya magonjwa ya akili, ilitolewa onyo kama hilo na Marekani mwaka 2016. Ile ya mzee haikatwi ghafla, mtu anaweza kuumwa vibaya. Tuliwasiliana na daktari bingwa, ikapunguzwa taratibu, na mzee akarudi kuwa mzee. Hicho ndicho kisa pekee cha kamari nilichowahi kukimaliza kwa kalamu.

Kwa vijana wa mikeka hakuna kidonge kilichosajiliwa kwa ajili hiyo. Uingereza, katika mwongozo wao wa Januari 2025, wameitaja naltreksoni kwa wale ambao tiba ya mazungumzo haikuwatosha, chini ya mtaalamu. Mwongozo huohuo unawataka madaktari waulize kuhusu kamari kama wanavyouliza sigara na pombe. Kinachofanya kazi zaidi ni mazungumzo yenye mpangilio: kujua saa zako mbaya ni zipi, nini kinakutangulia, unajiambia nini kabla ya kuweka. Saa mbaya za kijana wangu zilikuwa mbili. Moja ni kijiweni kati ya saa nane na kumi mchana, abiria hakuna na simu ipo. Nyingine ni dakika tano baada ya pesa yoyote kuingia.

Mengine yalikuwa ya mikono tu. Laini yenye akaunti ya pesa ikahamia kwa dada. Hesabu ya tajiri mwenye pikipiki akawa anaipeleka dada. Akaunti za kubeti akaomba zifungwe, na kwa mojawapo ujumbe wa bonasi uliendelea kuja wiki tatu baada ya hapo. Madeni yote yakaandikwa kwenye karatasi moja, hata lile la muuza chipsi. Dada nikamwambia, safari hii kwa ruhusa ya mdogo wake, asimlipie tena deni kwa fedha mkononi, kwa kuwa ukombozi wenyewe ni mojawapo ya zile dalili tisa. Akinunua unga, anunue unga. Alinitazama kwa macho yaliyoniambia kwamba sina mdogo wangu. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kumpa mgonjwa wa presha.

Presha yake leo ni 142 kwa 88. Si nzuri sana. Dawa anameza kila siku.

Mdogo wake alikaa siku 67, kisha ikaja mechi ya watani. Aliniambia mwenyewe wiki iliyofuata kabla hajakaa: elfu tatu, kwa simu ya mwenzake, ameliwa. Tukaihesabu ilivyo, elfu tatu, tukaangalia ilianzia wapi. Sasa anatembea na kitochi. Nikamsifu kwa kuuza ile simu kubwa akaniangalia kwa huruma. "Dokta, hata hiki kinabeti. Unabonyeza nyota tu." Ila laini iliyomo ni ya kupigiwa, haina akaunti ya pesa.

Mkutano wa mwisho alikuwa amekwishasimama kuondoka, helmeti mkononi, akageuka mlangoni.

"Na wewe unabeti?"

Nilikuwa nimeulizwa kwa neno sahihi, kwa hiyo hapakuwa na pa kujificha. "Niliacha. Nilikuwa nabeti nikiwa mafunzoni, bwenini kwa madaktari. Miaka miwili."

"Uliwahi kula?"

"Mara moja. Elfu themanini na sita."

Akatabasamu kama mtu aliyekutana na wa kwao. "Ukanunulia nini?"

"Niliiweka yote Jumamosi iliyofuata."